Kisipeptini: Historia ya ujumbe unaouamsha mwili wa mtoto

Leo tunaifuatilia safari ya kemikali ndogo itengenezwayo ndani ya ubongo, ambayo wataalamu wameipa jina la kisipeptini. Ni kemikali inayotoa amri ya mtoto kubalehe, na baadaye hushiriki katika kuamua kama mtu mzima ataweza kuzaa au la. Jina lake limetokana na peremende ya chokoleti, na mara ya kwanza ilionekana katika utafiti wa saratani. Kazi yake halisi haikujulikana hadi walipochunguzwa watu ambao miili yao haikuupata ujumbe wake kamwe. Kwa sababu hiyo historia hii ni ya maabara, na ni ya koo zilizobeba kwa miaka mingi jambo ambalo katika jamii nyingi husemwa kwa sauti ya chini.

Ili kuielewa, hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, wanasayansi waliamini kwamba mkuu wa homoni zote za mwili ni tezi ya pituitari, tezi ndogo mfano wa punje ya njegere inayoning'inia chini ya ubongo. Tezi hiyo humwaga katika damu homoni mbili zijulikanazo kwa vifupisho vya LH na FSH, nazo husafiri hadi kwenye korodani za mwanamume au ovari za mwanamke na kuziamrisha kufanya kazi. Hata hivyo, Mwingereza Geoffrey Harris alionyesha kwamba pituitari nayo hupokea amri kutoka sehemu ya ubongo iliyo juu yake, iitwayo haipothalamasi. Amri hizo hushuka kwa njia ya kemikali, kupitia mishipa midogo ya damu inayoziunganisha sehemu hizo mbili.

Kazi ya kuzitafuta kemikali hizo ilikuwa ngumu mno, kwani hupatikana kwa viwango vidogo sana. Watafiti wawili waliokuwa wakifanya kazi nchini Marekani, Andrew Schally, mzaliwa wa Poland, na Roger Guillemin, mzaliwa wa Ufaransa, waliingia katika mashindano makali yaliyodumu kwa miaka mingi. Guillemin alitumia bongo za kondoo, na Schally za nguruwe, zikikusanywa kutoka machinjioni. Kundi la Schally lilisaga haipothalamasi za nguruwe wapatao 160,000 ili kupata kiasi kidogo mno cha homoni. Mnamo mwaka 1971 muundo wake ulitangazwa: mnyororo wa asidi amino 10 tu. Homoni hiyo inajulikana kwa kifupi kama GnRH, na ndiyo inayoiamuru pituitari kutoa LH na FSH. Mwaka 1977 Schally na Guillemin walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba, pamoja na Rosalyn Yalow aliyebuni njia ya kupima homoni katika damu.

Mwaka mmoja baadaye, yaani 1978, Ernst Knobil na wenzake katika mji wa Pittsburgh walitoa matokeo yaliyowashangaza wengi. Waliwapa nyani wa jamii ya rhesus homoni ya GnRH mfululizo, bila kukatika, na pituitari ikaacha kufanya kazi. Walipowapa kwa vipindi, mara moja kila saa, ikarejea kazini. Ikadhihirika kwamba ujumbe huo hufanana na mpigo wa ngoma: maana yake imo katika mapigo na katika kimya kilichopo kati yake. Ugunduzi huo una matunda hadi leo. Dawa zinazofanana na GnRH, zikitolewa mfululizo, huzima homoni za uzazi, na hutumiwa kutibu saratani ya tezi dume na kuwazuia watoto wanaobalehe mapema kupita kiasi.

Msikilizaji, hapo likabaki swali moja kubwa. Seli za neva zinazotengeneza GnRH huwapo tangu mtoto akiwa tumboni. Hufanya kazi kwa muda mfupi baada ya kuzaliwa, kisha hunyamaza kwa miaka kadhaa, na hatimaye huamka tena mtoto anapokaribia ujana. Ni nani anayeziamsha? Kwa zaidi ya miaka 30 swali hilo halikupata jibu.

Sehemu ya jibu ilikuwa ikiandaliwa mahali ambapo hakuna aliyekuwa akiifikiria. Katika mji wa Hershey, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, maabara ya Danny Welch ilikuwa ikichunguza ni kwa nini baadhi ya saratani husambaa mwilini na nyingine hubaki mahali pamoja. Watafiti hao walichukua seli za melanoma, ambayo ni saratani kali ya ngozi, wakazipandikizia kromosomu ya 6 iliyo salama, kisha wakaziingiza katika panya. Uvimbe uliendelea kukua lakini haukusambaa. Walipotafuta jeni iliyoamka katika seli hizo, waliipata moja ambayo haikuwahi kuelezwa kabla ya hapo, na mwaka 1996 wakaichapisha kwa jina la KISS1.

Mji wa Hershey ni maarufu kwa kiwanda chake cha chokoleti, na mojawapo ya bidhaa zake, inayouzwa tangu mwaka 1907, huitwa Kisses, yaani mabusu. Watafiti waliuenzi mji wao kwa jina hilo, huku herufi mbili za S zikisimamia maneno ya kitaalamu yenye maana ya mfuatano unaozuia. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba jeni hiyo ya busu ina uhusiano wowote na uzazi. Iliandikwa katika vitabu vya saratani na kubaki huko.

Hatua iliyofuata ilikuja mwaka 2001. Watafiti wa kampuni ya dawa ya Takeda nchini Japani na wenzao wa mjini Brussels, Ubelgiji, kila kundi kwa njia yake, walikuwa na kipokezi kilichokosa mwenyewe. Kipokezi, msikilizaji, ni mfano wa kitasa kwenye ukuta wa seli, na kemikali inayokifungua ni ufunguo. Kitasa hicho, kilichoitwa GPR54, kilijulikana tangu mwaka 1999, lakini ufunguo wake haukujulikana. Makundi yote mawili yaliupata katika kondo la nyuma la binadamu: peptidi yenye asidi amino 54, inayotokana na jeni ileile ya KISS1. Wajapani waliiita metastini, kwa kuwa bado waliiona kama kizuizi cha kusambaa kwa saratani. Baadaye jina la kisipeptini ndilo lililoenea.

Hapa ndipo zinapoingia familia tulizozitaja mwanzoni. Kuna watu ambao hufikia umri wa kubalehe na wasibalehe. Mvulana haoti ndevu wala sauti haimwi nzito, msichana hapati matiti wala havunji ungo. Wenzao huoa na kuolewa, nao hubaki na miili ya kitoto. Ubongo wao ni mzima, pituitari ni nzima, korodani au ovari hazina kasoro, lakini amri ya kuanza haifiki. Wengine wa kundi hili huzaliwa pia bila uwezo wa kunusa, na chanzo chao kilianza kufahamika mapema zaidi. Kwa wale wanaonusa vizuri, chanzo kiliendelea kuwa fumbo kwa wengi wao.

Mjini Boston, katika Hospitali Kuu ya Massachusetts, daktari Stephanie Seminara na wenzake walichunguza ukoo mmoja mkubwa wa Saudi Arabia ambamo ndugu wa karibu walikuwa wameoana. Watu sita wa ukoo huo hawakubalehe. Jeni ya GnRH yenyewe ilikuwa imeshapimwa na kukutwa salama. Watafiti wakalazimika kuzipekua kromosomu, sehemu baada ya sehemu, wakitafuta kipande ambacho wagonjwa wote sita walikirithi kwa namna moja kutoka kwa baba na kutoka kwa mama. Utafutaji huo ukawafikisha kwenye kitasa cha GPR54. Herufi moja tu ya kinasaba ilikuwa imebadilika. Wakati huohuo nchini Ufaransa, Nicolas de Roux na wenzake, wakichunguza familia nyingine, walifika kwenye jeni hiyohiyo. Matokeo ya makundi yote mawili yalichapishwa mwaka 2003, yakipishana kwa miezi michache.

Timu ya Boston, ikishirikiana na watafiti wa Cambridge nchini Uingereza, iliwachunguza pia panya waliokosa GPR54. Panya hao nao hawakukomaa. Lakini walipopimwa haipothalamasi, GnRH ilikutwa humo kwa kiwango cha kawaida. Ghala lilikuwa limejaa, ila aliyekuwa na jukumu la kuufungua mlango hakuwapo. Swali la miaka 30 likaanza kupata jibu: kisipeptini ndiyo inayoziambia seli za GnRH kwamba saa imefika.

Ushahidi zaidi ulifuata. Mwaka 2008 watafiti wa Brazil walieleza habari za mtoto wa kike aliyebalehe mapema mno, ambaye kitasa chake cha GPR54 kilikuwa na hitilafu ya kinyume, kikichelewa kujifunga baada ya kufunguliwa. Na mwaka 2012, daktari Kemal Topaloglu na wenzake walieleza familia moja nchini Uturuki ambayo hitilafu yao ilikuwa katika jeni ya KISS1 yenyewe, na wanawake wake hawakubalehe. Kwa maneno mengine, ukiharibika ufunguo au kikiharibika kitasa, matokeo ni yaleyale.

Inafaa tutue hapa kidogo, kwa sababu suala hili linawagusa wengi mnaotusikiliza na kutusoma, iwe ni Maskati, Dubai, Mombasa, Zanzibar au London. Ndoa ya mtoto wa ami ni jambo la kawaida katika koo nyingi za Ghuba na za pwani ya Afrika Mashariki, na ni rahisi kuigeuza historia hii iwe shutuma dhidi ya koo hizo. Sayansi haisemi hivyo. Kila binadamu amebeba hitilafu kadhaa za kinasaba zilizojificha, ambazo hazimdhuru kwa kuwa ana nakala ya pili iliyo salama. Wazazi wawili wakiwa wamebeba hitilafu ileile, kila mtoto wao ana uwezekano wa moja kwa nne wa kurithi nakala mbili zilizoharibika. Uwezekano wa wazazi wote wawili kubeba hitilafu ileile huongezeka pale wanapokuwa na babu mmoja, lakini watoto wengi wa ndoa hizo huzaliwa wazima. Isitoshe, katika utafiti huohuo wa Boston alikuwamo mgonjwa mwingine, asiye na uhusiano wowote na ukoo ule wa Saudi Arabia, aliyekutwa na hitilafu mbili tofauti katika jeni hiyohiyo.

La muhimu zaidi ni kile ambacho ugunduzi huu umekiondoa. Kwa vizazi vingi, kijana asiyebalehe alidhaniwa amerogwa, na mwanamke asiyepata hedhi aliitwa tasa na kurudishwa kwao. Leo tunaweza kusema kwa hakika kwamba katika baadhi ya familia chanzo ni herufi moja iliyobadilika katika ujumbe mrefu, jambo ambalo hakuna aliyelichagua. Na tiba ipo. Madaktari humpa kijana homoni ili mwili wake ukomae, na anapotaka watoto humpa sindano za LH na FSH, au pampu ndogo inayotoa GnRH kwa mapigo, kama lilivyofundisha jaribio la Knobil. Wengi wao hupata watoto wao wenyewe.

Kwa kawaida madaktari hushauri uchunguzi ufanywe iwapo msichana hajaanza kuota matiti afikapo miaka 13, au mvulana hana dalili yoyote ya kubalehe afikapo miaka 14. Mara nyingi huwa ni ucheleweshaji tu, ambao hujirekebisha wenyewe. Lakini pale ambapo sivyo, miaka inayopotea kwa kuficha ni miaka ya kuimarika kwa mifupa, na ni miaka ya heshima ya kijana mbele ya wenzake.

Tuendelee na historia yetu. Baada ya mwaka 2003, watafiti walianza kujiuliza kama kisipeptini yaweza kutumiwa kama dawa. Katika chuo cha Imperial mjini London, Waljit Dhillo na wenzake waliwadunga wanaume wenye afya njema peptidi hiyo, na mwaka 2005 wakaripoti kwamba kiwango cha LH katika damu yao kilipanda. Mwaka 2009 kundi hilo lilieleza jaribio kwa wanawake ambao hedhi yao ilikuwa imekatika. Sindano za kwanza zilifanya kazi vizuri, lakini walipodungwa mara mbili kila siku, mwili ulianza kuzizoea, na baada ya wiki mbili nguvu yake ilikuwa imepungua sana. Walipopewa mara mbili kwa wiki tu, matokeo yalidumu zaidi. Lilikuwa somo lilelile la ngoma na kimya chake.

Matumizi yaliyoleta matumaini makubwa zaidi ni katika kutunga mimba nje ya mwili. Katika tiba hiyo, mwanamke hupewa homoni ili ovari zitoe mayai mengi kwa pamoja, kisha hudungwa sindano ya mwisho ya kuyakomaza. Sindano iliyozoeleka hukaa mwilini kwa siku kadhaa, na kwa baadhi ya wanawake huzichochea ovari kupita kiasi. Tumbo hujaa maji, damu huwa nzito, na katika hali mbaya maisha huwa hatarini. Kisipeptini hutoweka mwilini haraka, na huuachia mwili wenyewe utoe LH yake. Mwaka 2014 kundi la London liliripoti matokeo ya wanawake 53 waliopewa sindano moja ya kisipeptini. Mayai yalikomaa, na watoto wazima wakazaliwa. Mwaka 2015 liliripoti wanawake 60 waliokuwa katika hatari kubwa ya kupata madhara hayo, na hakuna hata mmoja aliyeyapata kwa kiwango cha kati wala kikali.

Wafugaji nao hawakusahaulika. Kondoo wa nchi za baridi hawapandwi mwaka mzima; huwa na majira yao. Nchini Ufaransa, Alain Caraty na wenzake walionyesha mwaka 2007 kwamba kisipeptini inaweza kumfanya kondoo jike atoe yai hata nje ya majira hayo. Ikaeleweka kwamba peptidi hii huusikiliza mwili na mazingira, kama vile urefu wa mchana, akiba ya mafuta na kunyonyesha, kabla ya kuamua kama huu ni wakati wa kuzaa.

Aidha, kisipeptini haifanyi kazi peke yake. Seli zinazoitoa hutoa pia kemikali nyingine iitwayo nyurokinini B, ambayo husaidia kuanzisha kila pigo. Mtafiti wa Kimarekani Naomi Rance alikuwa amekwisha kuona, mapema katika miaka ya 1990, kwamba seli hizo huvimba katika bongo za wanawake waliofikia ukomo wa hedhi. Ufuatiliaji wa jambo hilo ulionyesha kwamba nyurokinini B inahusika na lile joto la ghafla linalowasumbua wanawake wengi wa umri huo, likiwaamsha usiku wakiwa wameloa jasho. Mwezi Mei mwaka 2023 Marekani iliidhinisha fezolinetanti, dawa inayoziba kipokezi cha nyurokinini B, kwa ajili ya tatizo hilo. Mwaka 2024 onyo kali kuhusu madhara kwenye ini liliongezwa katika maelezo yake, hivyo anayeitumia hupaswa kupimwa damu mara kwa mara.

Kuhusu kisipeptini yenyewe, inafaa tuseme wazi. Hadi makala haya yanaandikwa, haijaidhinishwa kuwa dawa ya kuuzwa kwa wagonjwa; bado imo katika utafiti. Mwaka 2023 kundi la London liliripoti kwamba iliamsha sehemu za ubongo zinazohusika na hamu ya tendo la ndoa kwa wanaume 32 waliokuwa na upungufu huo, na habari hiyo ilienea haraka duniani. Pamoja nayo wakaenea wafanyabiashara wa intaneti, wanaouza vichupa vya unga wenye jina la kisipeptini, mara nyingi vikiwa na maandishi kwamba ni kwa matumizi ya utafiti tu. Mnunuzi hana njia ya kujua kilichomo ndani. Na hata kama kilichomo ni halisi, tumekwisha kuona yanayotokea mwili unapopewa ujumbe huu kila siku bila kipimo: huacha kuusikiliza.

Msikilizaji, watafiti tuliowataja wana majina yao katika majarida na wengine wana tuzo. Watu sita wa ule ukoo wa Saudi Arabia hawana majina katika vitabu, na ni haki yao yasitajwe. Walikubali kutolewa damu na kuulizwa maswali ambayo mtu huona haya kumjibu hata ndugu yake. Kwa kukubali kwao, wanawake walioshiriki utafiti London waliweza kukomaza mayai yao kwa usalama zaidi, na daktari aliye Maskati au Dar es Salaam anaweza kumweleza mzazi sababu ya mwanawe kuchelewa kukua, na kisha akaanza kumtibu.